Ngoma Pekee Haimjengi Mchezaji

Mwambie mwalimu wa ngoma, awe wa Voi, Mwatate au Taveta, kwamba wachezaji wake wanahitaji mazoezi ya mwili nje ya ngoma, naye atakutazama kwa huruma anayotazamwa nayo mgeni. "Ngoma yenyewe ndiyo mazoezi," atasema. Mtu anayetikisa mabega mfululizo, anayechutama na kuinuka, anayepiga mguu chini njuga zikalia, ana haja gani tena ya kukimbia mlimani? Wanaoamini hivyo ni wengi: viongozi wa vikundi vya utamaduni, walimu wanaowaandaa wanafunzi kwa Tamasha la Muziki, vijana wanaocheza makanisani Jumapili, hata wachezaji wenyewe. Nimelisikia dai hilo kutoka kwa watu ninaowaheshimu, wanaoijua ngoma ya Mwazindika kuliko nitakavyowahi kuijua. Kuhusu ngoma siwabishii. Kuhusu mwili wa anayeicheza wamekosea, na gharama ya kosa hilo inalipwa na vifundo vya miguu, magoti na viuno vya vijana.

Hoja yao kubwa ni wazee. Babu na nyanya zetu, wanatuambia, walicheza usiku kucha na asubuhi wakashika majembe. Hawakupasha mwili, hawakunyoosha viungo, hawakujua kocha ni nani. Iweje kijana wa leo ahitaji hayo yote ili acheze dakika chache jukwaani?

Nakubali kila neno la hadithi hiyo, kisha nauliza: aliyekuwa akicheza alikuwa nani? Milima ya Dawida, huku Taita, si mahali pa kutembea kwa starehe. Kilele cha Vuria kina mita 2,208 juu ya usawa wa bahari, na Voi huku chini haifiki mita 600. Kati ya hapo ni miteremko, na kwenye miteremko ndiko yaliko mashamba. Mwanamke aliyelima huko alipanda na kushuka kila siku ya maisha yake tangu alipoweza kutembea, na mara nyingi alikuwa na mzigo wa kuni, maji au mavuno. Watu husahau kwamba kushuka ndiko kunakofunza zaidi. Unaposhuka mlima, msuli wa paja hufanya kazi huku ukirefuka, ukizuia uzito wote wa mwili usiporomoke. Kazi hiyo hiyo ndiyo inayolinda goti la mchezaji anaporuka na kutua, au anapochutama ghafla mdundo unapobadilika. Nyanya yetu alikuwa ameifanya mara maelfu kabla hajasogea karibu na ngoma. Alikuwa na mapafu ya mlimani, shavu la mguu la mlimani na nyayo zisizojua kiatu.

Kwa hiyo hata kwa wazee haikuwa kweli kwamba ngoma yenyewe ndiyo mazoezi. Mazoezi yalikuwa maisha. Ngoma ilikuja baadaye, ikaukuta mwili uko tayari.

Hapo wengine hurukia hoja nyingine: ngoma ni tiba, haiwezi kuwa chanzo cha maradhi. Ni kweli kwamba baadhi ya ngoma zetu zilikuwa za uponyaji. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi na Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1957 makala kuhusu saka, hali iliyokuwa ikiwapata wanawake walioolewa: mwili kutetemeka, mabega kutikisika, kichwa kuyumba huku na huku. Sehemu ya tiba yake ilikuwa kupigiwa ngoma hadharani na mgonjwa kucheza. Tiba hiyo ilishughulikia roho, na pengine pia unyonge wa mwanamke ndani ya nyumba yake, jambo ambalo wasomi wamelijadili sana. Hakuna aliyedai kwamba ilikuwa tiba ya kifundo kilichoteguka. Na wanawake hao walikuwa wakulima wa miteremko ile ile. Kumchukua mgonjwa wa saka wa mwaka 1951 na kumfanya kielelezo cha mwanafunzi wa bweni wa leo ni kulinganisha watu wawili ambao hawana kinachowaunganisha ila mdundo.

Mtazame huyo wa leo. Mwanafunzi wa bweni hukaa kwenye kiti kuanzia maandalio ya alfajiri hadi ya usiku. Mchezaji wa kikundi cha mjini Voi huketi juu ya bodaboda mchana kutwa au husimama nyuma ya kaunta ya duka. Kisha mwezi Mei, muhula wa pili ukianza, mwalimu anachagua wachezaji, na wiki hiyo hiyo mazoezi yanaanza: kila siku jioni, wiki sita au nane, juu ya saruji ya ukumbi au ya gwaride, miguu mitupu, njuga vifundoni. Piga hesabu mwenyewe. Mguu ukigusa chini mara 100 kwa dakika, na jioni moja ikiwa na dakika 40 za kucheza kweli kweli, hizo ni nyayo 4,000. Kwa siku tano ni 20,000. Mwezi uliotangulia zilikuwa sifuri.

Mfupa hauwezi kuvumilia hesabu hiyo kimya. Mfupa ni kitu hai. Ukiupa mzigo mpya, kwanza hula sehemu zake zilizochoka ndipo ujenge mpya, na kujenga kunachukua majuma mengi kuliko kula. Katikati ya hapo kuna kipindi ambacho mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Mwalimu asiyejua hili huongeza mazoezi katika kipindi hicho hicho, kwa kuwa mashindano ya kaunti yanakaribia. Ndipo unaposikia maumivu ya muundi, kwanza wakati wa kucheza tu, baadaye hata mtu akiwa amelala. Wengine hupata ufa mwembamba ambao picha ya eksirei ya majuma ya mwanzo inaweza isiuonyeshe kabisa. Mtoto anarudi kutoka hospitali na karatasi isiyoonyesha tatizo, anaambiwa ni mvivu, anarudishwa kwenye mstari. Ngoma ikivuma sana hupasuka, walisema wahenga wetu, na hawakumwachilia mpigaji wala mchezaji.

Kuna ushahidi unaoigusa hoja ya "ngoma yenyewe" moja kwa moja. Mwaka 2004 Matthew Wyon na wenzake nchini Uingereza walichapisha vipimo vya oksijeni inayotumiwa na wachezaji wa densi ya kisasa wakiwa darasani, kwenye mazoezi na jukwaani. Darasa na mazoezi vilidai kidogo kuliko onyesho. Yaani mchezaji aliyefanya mazoezi yake yote kwa kucheza alifika jukwaani akakuta kazi ambayo moyo na mapafu yake hayakuwahi kuifanya. Hao walikuwa wachezaji wa Uingereza, si wa Dawida, na mtu anaweza kusema ngoma zao ni laini. Lakini sababu yake utaiona kwenye ukumbi wowote wa Voi jioni yoyote. Mazoezini mwalimu anasimamisha ngoma kila dakika: mstari umepinda, wewe umechelewa, turudie pale. Mchezaji anapata pumzi. Siku ya mashindano hakuna anayesimamisha. Ngoma inapigwa mwanzo hadi mwisho, kwa kasi iliyozidi ya mazoezini maana wapigaji nao wana hamasa, na kwenye dakika za mwisho mchezaji ameishiwa. Msuli uliochoka hauushiki kifundo vizuri, na mguu unatua ukiwa umepinda.

Ipo pia habari ya kampuni moja ya baleti, ambako Nick Allen na wenzake walihesabu majeraha kwa miaka mitatu mfululizo. Walianza kwa kuandika kila jeraha, wakapima udhaifu wa kila mchezaji, kisha wakampa mazoezi ya kumwimarisha mahali pale alipokuwa dhaifu. Majeraha kwa kila saa 1,000 za kucheza yalipungua kwa karibu nusu katika mwaka wa pili. Wachezaji wa baleti hucheza siku nzima, kwa mshahara, tangu utotoni. Kama kuna watu ambao ngoma yenyewe ingewatosha, ni wao. Haikuwatosha.

Sasa nigeukie upande wa pili, kwa kuwa wapo wanaodhani wamekwisha kunielewa. "Sisi hunyoosha viungo kabla ya kuanza," wanasema. Nimewaona: duara, mguu mbele, kuinama kugusa vidole, kuhesabu hadi 30, kubadilisha. Kisha ngoma. Wanafanya kwa nia njema, lakini faida wanayoitarajia haipo. Mwaka 2000 Rodney Pope na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa askari wanafunzi 1,538 wa Australia. Nusu walinyoosha misuli kabla ya mazoezi, nusu hawakunyoosha, kwa wiki 12. Majeraha ya miguu hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Kilichotofautisha waliolindika na walioumia kilikuwa ukakamavu wa mwili waliokuja nao: wale dhaifu zaidi walikuwa na hatari ya kuumia mara 14 ya wale wakakamavu zaidi. Hapo ndipo ninapotaka macho ya walimu wetu yatue. Dakika tano za kuinama haziwezi kulipa deni la miezi mitano ya kukaa.

Na kuna imani nyingine, ya Voi hasa, ambayo sijaisikia Wundanyi kwenye ukungu: kwamba huku kwetu jua limeshapasha mwili, kwa hiyo hakuna haja. Jua hupasha ngozi. Kupasha mwili kunakohitajika ni kwa ndani, damu kwenda kwenye misuli itakayofanya kazi, moyo kupanda polepole, ute wa maungo kulainika, ubongo kukumbuka mguu uko wapi. Hayo huja kwa kutembea haraka, kukimbia kidogo, kuchezesha nyonga na mabega, kisha kuicheza ngoma yenyewe kwa nusu ya kasi. Jua la Voi lina kazi nyingine, nayo ni kukausha maji mwilini. Kikundi kinachoitwa kutumbuiza kwenye sherehe saa tatu asubuhi, kikawekwa juani kumsubiri mgeni rasmi hadi saa sita, kisha kikaambiwa "haya, ngoma!" kinaanza kikiwa na ngozi ya moto, misuli baridi na koo kavu. Wenye sherehe hawaoni neno. Chupa za maji ziko meza kuu.

Siwezi kupita bila kusema juu ya jikaze. Katika fani hii maumivu yamefanywa cheti. Anayecheza akiwa ameteguka anasifiwa kuliko anayesema ameumia, na jioni kifundo kikishavimba anaitwa mtu wa kukichua kwa maji ya moto na kukivuta. Kuchua msuli uliochoka hakuna ubaya. Kuvuta kifundo kilichoteguka leo ni kuchana upya kilichokwisha kuchanika. Kinachosahaulika zaidi ni siku zinazofuata. Uvimbe ukishuka mchezaji hujiona amepona, kumbe mishipa ya fahamu ya kifundo imepoteza wepesi wa kuhisi mguu unapoanza kupinda, na ndiyo maana aliyewahi kuteguka huteguka tena kwa urahisi. Dawa yake ni kusimama kwa mguu mmoja kila siku, kwanza macho wazi, baadaye yamefumbwa, hadi mguu uache kutetemeka. Hata senti moja haitoki mfukoni. Waulize wachezaji kumi walioteguka kama waliambiwa hivyo.

Kwa wasichana jambo hili lina sura mbaya zaidi. Msichana anayecheza kila jioni huku chakula cha mchana kilikuwa saa saba na cha usiku hakijafika, tena akiambiwa apunguze mwili ili aonekane vizuri mstarini, anaweza kukosa siku zake za mwezi. Walio karibu naye huona ni ahueni. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililieleza tatizo hili rasmi mwaka 2014: mwili usiopata nishati ya kutosha huzima kazi ambazo unaona si za lazima, na kujenga mfupa ni mojawapo. Maumivu ya muundi kwa msichana wa namna hiyo yasitibiwe kwa mafuta ya kuchua. Apelekwe kwa daktari, aulizwe anakula nini.

Nirudi kwa wapinzani wangu wenye hoja nzito kuliko zote, wale wa uasili. Hawa wanaogopa kwamba tukianza habari za mazoezi ya viungo, ngoma itageuka sarakasi, na mchezaji wa Mwazindika atafanana na mwanariadha. Naielewa hofu hiyo. Lakini uasili wanaoulinda ulishaondoka kwa mlango ambao wao wenyewe waliufungua. Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu mwaka 1927, na kwa miaka mingi ngoma zimekuwa zikisogezwa kutoka uani kwenda jukwaani. Zimepewa saa, majaji, alama, mistari iliyonyooka na sare. Badiliko lililo kubwa kuliko yote halina jina kwenye karatasi ya jaji. Kwenye ngoma ya kijijini aliyechoka alitoka. Aliketi, akanywa, akapiga makofi, akarudi nguvu zikirudi. Ndivyo ilivyowezekana kucheza usiku kucha. Jukwaani hakuna kutoka. Aliyechoka anabaki mstarini na anatakiwa atabasamu, kwa sababu akitoka kikundi kinapoteza alama. Vikundi vinavyowatumbuiza watalii hotelini msimu wa wageni navyo ni hivyo hivyo: mgeni amelipia saa yake, atapewa saa yake, na kesho wapo wageni wengine. Udongo umekuwa saruji na ruhusa ya kupumzika imefutwa. Mmeondoa vitu vyote viwili vilivyomlinda mzee, mkabakiza jina lake la kunyamazishia watu.

Yeyote anayetaka uasili kwa dhati na aanzie hapo: acheze kwenye udongo uliofagiliwa mawe, aruhusu wachezaji kupokezana. Nitamuunga mkono. Kama hawezi, basi amjenge mchezaji kwa ajili ya jukwaa alilomjengea.

Halafu kuna fedha. Utaambiwa vyuma vya kuinua viko Mombasa, wataalamu wa viungo wako hospitali kubwa, na kikundi hakina hata nauli. Hoja hii ingekuwa na uzito kama ningekuwa naomba vyuma. Mwaka 2008 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya mpango wa mazoezi uitwao 11+ kwa wasichana wachezaji wa kandanda wa miaka 13 hadi 17, karibu 1,900 kutoka vilabu 125. Ni dakika 20 za kukimbia, kuruka, kusimama kwa mguu mmoja na kukaza tumbo, bila kifaa chochote ila mpira. Majeraha mabaya, na yale yatokanayo na kutumia mwili kupita kiasi, yalipungua kwa karibu nusu kwa waliofanya.

Voi haikosi vifaa vya namna hiyo. Jerikeni la lita tano likijaa maji lina kilo tano, na la lita 20 lina kilo 20. Hakuna nyumba isiyo nalo. Mchezaji alishike kifuani achuchumae polepole na kuinuka, baada ya majuma machache achuchumae kwa mguu mmoja akishikilia mlango. Ngazi ya veranda inatosha kwa shavu la mguu na kano ya kisigino: panda kwa vidole vya miguu yote miwili, shuka kwa mguu mmoja, taratibu, hadi kisigino kipite usawa wa ngazi. Kuruka na kutua kufanywe kimya, kwa kuwa mguu unaotua bila kishindo ni mguu ambao misuli yake imepokea mzigo badala ya kuusukumia mfupa. Na vilima vipo. Kupanda mbio dakika mbili, kushuka ukitembea, kurudia mara tano au sita, kutampa mchezaji pumzi ambayo ukumbi hautampa kamwe. Siku tatu kwa juma zinatosha, na siku moja iwe ya kupumzika kabisa, hata mashindano yakiwa kesho kutwa. Mwalimu naye awe na daftari: nani aliumia, wapi, siku gani, walikuwa wanafanya nini. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litamwambia mengi kuhusu hatua zake anazozipenda.

Kimebaki kisingizio cha muda, nacho ndicho dhaifu kuliko vyote. Mashindano ya muziki hayajawahi kumshtua mtu usingizini. Yanaanza muhula wa pili, fainali za kitaifa kwa kawaida ni Agosti, na shule zinafunguliwa Januari. Kati ya Januari na Mei kuna miezi minne ambayo mwalimu wa ngoma huwa hana mchezaji hata mmoja kwa sababu hajamchagua. Achague Januari. Asiwafundishe hatua yoyote ya ngoma mpaka Machi kama hataki. Awape jerikeni, ngazi na mlima. Mwezi Mei atakapowapeleka ukumbini atakuta ana watu wanaoweza kurudia ngoma nzima mara tatu bila kusimama, na muda wa kunyoosha mstari utakuwa mwingi kuliko anavyouhitaji.